Jinsi ya kubuni peptidi inayoua bakteria unaowalenga na kuwaacha wengine

Peptidi nyingi (minyororo mifupi ya amino asidi) zinazoua vijidudu huua ovyo. Ukitaka moja itakayoangamiza Pseudomonas aeruginosa bila kuwagusa bakteria wema wa utumbo, au itakayoondoa Streptococcus mutans kinywani na kuwaacha majirani zake, anzia pale ambapo wengi humalizia: amua kwanza nani hatakiwi kufa. Wanaotanguliza nguvu ya kuua, wakitumaini kwamba uwezo wa kubagua utakuja baadaye kwa kurekebisha hapa na pale, kwa kawaida hupata sabuni ya bei mbaya. Inapasua kila utando inaokutana nao.

Nachukulia kwamba una maabara ya mikrobiolojia yenye kabati la usalama, una msimamizi anayejua kushika vimelea vya magonjwa, na unajua kusoma mfuatano wa amino asidi. Hii si kazi ya kujaribia nyumbani.

Hatua ya 1: Andika orodha mbili kabla ya kuandika mfuatano wowote

Orodha ya kwanza ni ya walengwa. Weka aina kadhaa za spishi hiyo hiyo, zikiwemo zilizotoka kwa wagonjwa na zilizo sugu kwa dawa za kawaida, kwa sababu peptidi inayofanya kazi kwa aina moja ya maabara huenda imebahatisha tu. Orodha ya pili ni ya watakaosalimika. Humo waingize ndugu wa karibu wa mlengwa, bakteria wa kawaida wanaoishi naye mahali pamoja, na seli za binadamu: chembe nyekundu za damu, seli za ngozi au za utumbo kulingana na matumizi, na seli za figo. Za figo usizisahau, tutaona sababu yake.

Kisha jiwekee kizingiti cha namba sasa hivi, kabla matokeo hayajakushawishi. Kiwango cha chini kabisa kinachozuia ukuaji hupimwa kwa myeyuko unaopunguzwa nusu kwa nusu: 64, 32, 16, 8 na kuendelea. Kwa hiyo tofauti ya mara mbili kati ya bakteria wawili haina maana yoyote. Ni kisima kimoja tu cha sahani, na kipimo hichohicho kikirudiwa kesho kinaweza kuhama kiasi hicho. Mimi sikubali kuiita peptidi ya kubagua mpaka kiwango cha kumzuia asiyelengwa kiwe angalau mara 16 ya kile cha mlengwa.

Hatua ya 2: Tafuta tofauti ya kweli kati ya orodha hizo mbili

Uso wa seli za wanyama umejaa lipidi ambazo kwa jumla hazina chaji, kama fosfatidilikolini na sfingomielini, pamoja na kolesteroli inayoukaza utando. Utando wa bakteria kwa kawaida hauna kolesteroli, na una fosfatidiligliserini na kadiolipini, zote zenye chaji hasi. Ndiyo maana peptidi yenye chaji chanya huvutwa na bakteria zaidi kuliko seli zako. Tofauti hii inatosha kutenganisha bakteria na mtu. Kutenganisha bakteria na bakteria mwenzake ni habari nyingine.

Hapo inabidi kuangalia gamba zima. Bakteria Gram-hasi wana utando wa pili kwa nje, uliojengwa kwa lipopolisakaridi (mafuta yaliyounganishwa na sukari) zinazoshikamanishwa na ioni za magnesi na kalsi. Vitundu vya protini vilivyomo hupitisha molekuli za takriban daltoni 600 kushuka chini, ilhali peptidi ya amino asidi 20 inazidi 2000. Kwa hiyo peptidi hiyo ama ibomoe njia, ama ibebwe. Bakteria Gram-chanya hawana utando huo wa nje. Wana ukuta mnene wa peptidoglikani na asidi teikoiki, na lipidi II, malighafi ya ukuta huo, imekaa wazi kwenye uso wa utando wao. Nao wana hila zao. Staphylococcus aureus, kwa mfano, hutumia kimeng'enya MprF kubandika laisini kwenye fosfatidiligliserini, hivyo uso wake unapoteza chaji hasi na peptidi zinasukumwa mbali.

Kutokana na hayo una mahali pa kushika. Polimiksini, iliyotangazwa mwaka 1947, hushika lipidi A, sehemu ya mafuta ya lipopolisakaridi, na ndiyo maana haina habari na Gram-chanya. Nisini, inayotengenezwa na Lactococcus lactis na kutumika kuhifadhi vyakula kwa namba E234, hushika lipidi II, hivyo huwaua Gram-chanya na kuwapita wengi wa Gram-hasi ambao lipidi II yao imejificha nyuma ya utando wa nje. Darobaktini, iliyotangazwa mwaka 2019, ina amino asidi saba tu na hufunga BamA, protini inayopanga protini nyingine kwenye utando wa nje wa Gram-hasi. Murepavadini ni finyu zaidi: inalenga LptD, protini inayofikisha lipopolisakaridi juu ya uso, na humwathiri Pseudomonas aeruginosa karibu peke yake.

Njia ninayoipenda zaidi ni ya mlango. Peptidi zenye prolini nyingi, kama apidaesini ya nyuki na Bac7 ya ng'ombe, hazipasui utando zikiwa kwenye kiwango cha kawaida. Huingizwa ndani na msafirishaji aitwaye SbmA, kisha huziba ribosomu, mashine ya seli ya kutengeneza protini. Bakteria asiye na msafirishaji wa namna hiyo hubaki salama kwa kiasi kikubwa, hata kama ribosomu yake inafanana na ya jirani aliyekufa. Ukiweza kupata mlango ambao mlengwa wako anao na walio kwenye orodha ya pili hawana, nusu ya kazi imekwisha.

Sasa lile la figo. Majaribio ya awamu ya tatu ya murepavadini kupitia mshipa yalisimamishwa mwaka 2019 kwa sababu ya madhara kwenye figo za wagonjwa, na polimiksini nazo zinajulikana kwa tatizo hilohilo. Peptidi inaweza kuwabagua bakteria kwa ustadi mkubwa na bado ikamuumiza mgonjwa, kwa sababu hizo ni hesabu mbili tofauti.

Hatua ya 3: Chagua kiunzi, yaani peptidi ya kuanzia

Ingia kwenye hifadhidata za peptidi zinazoua vijidudu kama APD, iliyoanzia Nebraska mwaka 2003, na DBAASP, ambayo inaonyesha kiwango cha kuzuia kwa kila spishi pamoja na athari kwa chembe nyekundu. Usichukue peptidi kwa kuwa imesifiwa. Chukua ile ambayo imepimwa kwa mlengwa wako na pia kwa walau mmoja wa wale unaotaka kuwaacha. Zitakuwa chache kuliko ulivyotarajia.

Peptidi nyingi za asili zina amino asidi 10 hadi 50, chaji kati ya +2 na +9, na karibu nusu ya amino asidi zake zinakwepa maji. Jifunze kuhesabu chaji kwa mkono kabla ya kuiachia programu. Chukua magainini 2, ambayo Michael Zasloff aliitangaza mwaka 1987 kutoka kwenye ngozi ya chura Xenopus laevis:

GIGKFLHSAKKFGKAFVGEIMNS

Kuna laisini nne (K), kila moja +1. Kuna asidi glutamiki moja (E), −1. Ncha ya mwanzo ni +1, ncha ya mwisho ni −1. Histidini (H) iache, kwa kuwa kwenye pH ya damu sehemu kubwa yake haina chaji. Jumla ni +3. Ukiagiza ncha ya mwisho ifungwe kwa amidi, ile −1 inaondoka na unapata +4 bila kubadilisha herufi hata moja. Hilo ndilo badiliko rahisi kuliko yote, na peptidi nyingi za maabara zinalo.

Melitini ya sumu ya nyuki usiifanye kiunzi cha kwanza. Inaua bakteria vizuri sana, na chembe nyekundu vizuri zaidi. Iweke kwenye friza uitumie kama kidhibiti cha kipimo cha damu.

Hatua ya 4: Rekebisha uso mmoja kwa wakati

Ikiwa kiunzi chako hujikunja kuwa hesi, yaani umbo kama la springi, kila amino asidi huzungusha mnyororo nyuzi 100, yaani amino asidi 3.6 kwa mzunguko mmoja. Kwa hiyo nafasi ya 1, 4, 5, 8 na 12 huangalia karibu upande mmoja. Chora gurudumu la hesi, yaani hesi inavyoonekana ukiitazama kutoka nchani, lipake rangi mbili, na utaona uso unaopenda maji na uso unaoyakwepa.

Kishawishi kikubwa ni kuongeza nguvu ya uso unaokwepa maji, kwa sababu vipimo vya bakteria huboreka haraka. Huboreka kwa wote, na chembe nyekundu huanza kupasuka. Mara nyingi dawa ni kinyume chake: kuuharibu kidogo uso huo katikati. Kundi la Robert Hodges lilionyesha hili kwa peptidi ya amino asidi 26 iitwayo V681, yenye valini kwenye nafasi ya 13, katikati kabisa ya uso unaokwepa maji. Walipoweka laisini mahali pa valini hiyo, uwezo wa kupasua chembe nyekundu ulishuka sana na nguvu dhidi ya bakteria ikabaki. Chaji moja, mahali pamoja. Laisini hiyohiyo ukiiweka pembeni ya gurudumu hutapata faida ileile.

Arijinini hushika fosfati kwa nguvu kuliko laisini na mara nyingi huongeza ukali kwa seli zote, kwa hiyo mimi huanza na laisini. Badilisha kitu kimoja kwa kila toleo. Ukibadilisha chaji, urefu na uso kwa pamoja, matokeo mazuri hayatakufundisha chochote na mabaya yatakuacha gizani.

Hatua ya 5: Ukitaka spishi moja, tia kipande cha kuelekeza

Kurekebisha chaji kunaweza kukufikisha kwenye kundi, Gram-hasi au Gram-chanya. Kufika kwenye spishi moja kwa kawaida kunahitaji kipande kingine chenye kazi ya kutambua tu. Mfano bora kwangu ni C16G2, iliyotokana na kazi iliyotangazwa mwaka 2006 dhidi ya Streptococcus mutans, bakteria mkuu wa kuoza kwa meno:

TFFRLFNRSFTQALGK – GGG – KNLRIIRKGIHIIKKY

Kipande cha kwanza hakikubuniwa na mtu. Ni amino asidi 16 za mwisho za ishara ambayo S. mutans mwenyewe huitoa ili kujua wenzake ni wangapi karibu naye. Ishara kamili ina amino asidi 21. Waliokata tano za mwanzo walibaki na kipande kinachomshikilia S. mutans bado. Katikati kuna glaisini tatu, fupi na zinazopinda kirahisi, ili pande mbili zisiingiliane. Kipande cha mwisho ndicho kinachoua: laisini nne na arijinini mbili zilizopangwa kati ya isoleusini na wenzake, hesi ya kawaida kabisa. Muundo huu uliweza kumwondoa S. mutans katika biofilamu (tabaka la bakteria walioshikamana) yenye spishi mchanganyiko na kuwaacha streptokoki wengine wa kinywani, na baadaye ukafika kwenye majaribio kwa watu.

Utakapojenga wako, kipande cha kuua kiwe dhaifu kikiwa peke yake. Hili huwashangaza wengi. Ukitumia kipande kikali, kitaua kila mtu hata bila kuelekezwa, na kipande cha kuelekeza kitakuwa pambo. Unatafuta muuaji ambaye kwa kiwango cha chini hafanyi kitu, mpaka akusanywe kwa wingi juu ya uso wa mlengwa. Vipande vya kuelekeza vinaweza kutoka kwenye ishara za bakteria, kwenye protini za virusi vinavyoshambulia bakteria, au kwenye maktaba (mikusanyiko mikubwa) za peptidi zilizochujwa dhidi ya seli nzima za mlengwa. Ukichuja maktaba, wapitishe kwanza bakteria wa orodha ya pili ili waondoe vile vinavyoshika kila mtu.

Hatua ya 6: Kompyuta

Itumie kupunguza wagombea, basi. Mifano mingi ya kujifunza kwa mashine hutenganisha “inaua” na “haiui”, na upande wa “haiui” mara nyingi hujazwa mifuatano ya protini iliyookotwa tu, ambayo hakuna aliyeipima. Mfano wa namna hiyo utakuambia kwamba laisini na leusini nyingi ni nzuri, jambo ulilolijua. Kwa kubagua, unahitaji data yenye kiwango cha peptidi moja dhidi ya spishi mbili, na mfano utabiri tofauti kati yao. Unapogawa data ya kufundishia na ya kujaribia, hakikisha mifuatano inayofanana haikai pande zote mbili, la sivyo alama zako za juu ni za kukariri.

Hatua ya 7: Agiza, safisha, pima ukolezi

Peptidi fupi hutengenezwa kwa njia ya awamu ngumu iliyoanzishwa na Bruce Merrifield mwaka 1963. Agiza usafi wa asilimia 95 au zaidi, uliothibitishwa kwa kromatografia na spektrometa ya masi. Agiza pia chumvi ibadilishwe kuwa asetati au kloridi, maana peptidi zilizosafishwa hubaki na trifloroasetati, ambayo inaweza kudhuru seli na kukufanya uisingizie peptidi. Unga unaopima kwenye mizani si peptidi tupu, una chumvi na maji ndani yake, hivyo pima ukolezi wa kweli kwa mwanga wa nanomita 280 kama kuna triptofani au tairosini, au kwa uchambuzi wa amino asidi.

Pamoja na peptidi yako agiza mbili za kulinganisha. Ya kwanza ina amino asidi zilezile zilizochanganywa mpangilio. Ikiua sawa na ya kwako, basi hakuna shabaha maalumu, ni chaji tu. Ya pili ni picha yake ya kioo, iliyojengwa kwa amino asidi za D. Mwaka 1990 ilionyeshwa kwamba sekropini, magainini na melitini za D huua kama zile za kawaida, kwa kuwa utando haujali mkono wa kulia au wa kushoto. Protini inajali. Kwa hiyo kama unadai kulenga protini na toleo la D linafanya kazi vilevile, rudi hatua ya 2.

Hatua ya 8: Pima kila mmoja peke yake

Tumia mchuzi wa Mueller-Hinton uliorekebishwa kalsi na magnesi, seli hai 5 × 10⁵ kwa mililita, nyuzi 35 za Selsiasi, saa 16 hadi 20. Sahani ziwe za polipropilini. Peptidi zenye chaji chanya hung'ang'ania polistireni ya kawaida: umeweka 4, kwenye mchuzi imebaki chini ya hapo, nawe unaandika kwamba peptidi ni dhaifu. Kwa bakteria asiyekua kwenye mchuzi huo, tumia chakula chake, lakini pima walengwa na wasiolengwa katika chakula kimoja kila inapowezekana, kwa sababu chumvi peke yake inaweza kutengeneza “ubaguzi” wa uongo. Rudia pia ukiwa na kloridi ya sodiamu ya milimola 150 na ukiwa na seramu.

Chembe nyekundu zioshe, zikae na peptidi saa moja kwa nyuzi 37, kisha soma hemoglobini iliyotoka kwa nanomita 540, ukitumia Triton X-100, sabuni inayozipasua zote, kama asilimia 100. Panda hadi viwango vya juu kabisa vya peptidi. Kusimama kwenye kiwango kinachokupendeza ni mchezo wa kitoto, na wahakiki wanaujua.

Hatua ya 9: Wachanganye

Kipimo cha mmoja mmoja hakithibitishi kwamba peptidi inabagua. Weka mlengwa na majirani zake kwenye chupa moja, ongeza peptidi, na uhesabu kila spishi kwa saa kadhaa kwa kutumia agari teule au PCR ya kupima wingi wa DNA ya kila mmoja. Tarajia mambo mawili. Peptidi itaonekana dhaifu kuliko mwanzo, kwa kuwa seli za wengine, hata zilizokufa, huinyonya. Pia spishi inaweza kuongezeka kwa sababu tu mshindani wake ameondoka, kwa hiyo bila chupa ya mchanganyiko isiyo na peptidi huwezi kusoma chochote. Kama mlengwa anaishi kwenye biofilamu, mpime humo humo. Seli zinazoelea hudanganya.

Hatua ya 10: Vimeng'enya, kisha usugu

Tripsini hukata baada ya laisini na arijinini, yaani palepale ulipoongeza chaji. Kinga ni amino asidi za D mahali pa kukatwa, ornithini badala ya laisini, au kuufunga mnyororo kuwa pete. Iache peptidi kwenye seramu, chota sampuli kila baada ya muda, na uangalie kwenye kromatografia imebaki kiasi gani. Kila badiliko linakurudisha hatua ya 8, maana pete au amino asidi ya D inaweza kuhamisha ubaguzi wote.

Usugu upime mapema. Wakuze walengwa kwenye nusu ya kiwango cha kuzuia, wahamishe kila siku kwenye mchuzi mpya, na upandishe kiwango kadiri wanavyozoea. Kumpiga chura teke ni kumwongezea mwendo, na hapa ndicho unachokitaka. Endesha mistari kadhaa sambamba, pamoja na mmoja usio na peptidi. Wanaostahimili wasome jenomu. Mabadiliko yakiangukia kwenye jeni ya shabaha au ya msafirishaji, umepata ushahidi mzuri wa jinsi peptidi inavyofanya kazi. Yakiangukia kwenye njia za kupunguza chaji ya uso, wapime pia kwa polimiksini, kwa sababu tangu jeni mcr-1, inayowapa bakteria usugu kwa polimiksini, iripotiwe nchini China mwaka 2015 hakuna anayetaka peptidi mpya inayozalisha usugu kwa dawa hiyo ya akiba. Gandisha sampuli ya kila mstari kwa nyuzi −80 kila baada ya uhamisho kadhaa, kila kichupa kikiwa na tarehe na kiwango, ili mstari ukistahimili ghafla uweze kurudi nyuma na kutafuta badiliko lipi lilitangulia.